Bi Harusi na Kinyago cha Kuogelea

Basi la kwenda ufukweni Qingdao lilijaa, kwa hiyo Boyu alisimama nyuma ya kiti cha mchumba wake, Lin, akilinda gauni la harusi alilovaa Lin lisikanyagwe. Kando ya Lin alikaa bibi wasiyemjua, amevaa nguo ya kuogelea na kinyago cha kitambaa cha kuzuia jua, kilichoacha wazi macho, pua na mdomo tu.

“Harusi leo, mjukuu wangu?”

“Mwezi ujao, bibi. Leo tunapigwa picha za harusi tu. Nitasimama mwambani mpaka jioni, na maji siruhusiwi kuyagusa. Eti poda itaharibika.”

Bibi alicheka. “Zangu zilipigwa studio, bahari imechorwa kwenye pazia. Hata hiyo nilitamani kuirukia.” Akavua kinyago, akamvisha Lin. “Haya, poda imejificha.”

Boyu alijua kitambaa kile kingeifuta poda kabla maji hayajaifikia, lakini abiria walikuwa wakishangilia. Alisema tu kwamba mpiga picha anawasubiri.

“Mwambie aanze na wewe,” Lin alijibu ndani ya kinyago, huku akivua viatu.

Basi likasimama. Milango ikafunguka upande wa bahari.