Bilauri Ambayo Fundi Tarsis Hakuthubutu Kuikataa

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Tarsis, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alifariki mwezi wa tano, mwaka themanini na tatu. Mjane wake, Severa, ametutaka tuseme yote. Basi tutasema yote.

Tarsis alikatwa tumbo. Vidonda vilimtafuna miaka, hata madaktari wakaondoa zaidi ya nusu. Alirudi nyumbani Magomeni mzima, suruali zinamvuka, mkononi ana karatasi ya maelekezo. Imeandikwa Kiingereza. Tarsis hajui Kiingereza. Severa hajui Kiingereza. Miaka ishirini na ushei ya Uhuru, ndugu zangu, na mtu anakabidhiwa uhai wake kwa lugha asiyoijua.

Majirani wakaja kumtazama. Mliokuwapo mnakumbuka sukari ilivyoadimika. Na mgonjwa haendewi mikono mitupu. Basi kila aliyekuja alikuja na sukari, kaifunga kwenye gazeti kama dhahabu. Severa akaikoroga kwenye uji.

Ikipita saa moja na nusu baada ya uji, Tarsis huanza. Jasho jembamba. Mikono inatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano. Ulimi mzito. Anamtazama mkewe kama hamjui. Severa anadhani ni njaa, anamwongeza uji. Wenye maneno wakasema karogwa, na Severa, kwa hofu aliyokuwa nayo, karibu aamini.

Aliyewasomea karatasi ni Benedikta, muuguzi wa zahanati ya jirani. "Dada, tumbo lake halizuii tena kitu," alisema. "Sukari inashuka yote kwa mkupuo. Mwili unashtuka, unaifukuza, halafu sukari ya kwenye damu inaporomoka kupita kiasi. Mpe kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Yai, maharage, ugali wa kiganja. Maji baadaye. Vitamu aviache."

Miezi minane Tarsis akashona bila kutetemeka. Miezi minane, wasikilizaji.

Kisha ikaja misako ya serikali dhidi ya walanguzi walioficha bidhaa. Magodoro yanapasuliwa, dari zinachokonolewa. Tarsis akapata hofu mpya. "Mama Candida," alimwambia mkewe, "sisi Wachaga tunasemwa kwa biashara; anayekataa sukari mwaka huu, watasema ana magunia uvunguni." Severa akamwambia awaeleze tu kwamba ni mgonjwa. Akajibu kwamba wataulizana ni ugonjwa gani huo, na wakati wanaulizana yeye yuko ndani.

Asubuhi moja alimpelekea jirani yao, Bi Hamdiya, kanzu ya mwanawe. Akakuta wageni barazani, na balozi wa nyumba kumi, mwakilishi wa chama mtaani, kaketi katikati yao. Bi Hamdiya akamletea bilauri ya sharubati. Tarsis akasita.

"Vipi fundi, hunywi?" akauliza balozi. "Au kwako imejaa?"

Watu wakacheka. Tarsis akanywa yote, akashukuru, akaaga upesi. Hakurudi kwake kula. Akashika njia ya Jangwani kwa miguu, kwenda kazini.

Saa moja na nusu baadaye alikuwa Kariakoo, kando ya foleni ya duka la ushirika. Akayumba. Akashika bega la mtu.

"Toka hapa mzee. Gongo saa nne asubuhi?"

Akasukumwa. Kichwa kikagonga ukingo wa mfereji. Foleni haikuvunjika. Nani apoteze nafasi yake kwa mlevi? Severa aliitwa saa sita. Anasema watu walikuwa bado wanamruka mumewe, wanasogea mbele.

Matangani Bi Hamdiya alilia kuliko wote. "Mwanangu Severa, kwa nini hamkuniambia? Ningempikia yai."

"Alikuogopa, Bi," Severa akajibu. "Alituogopa wote."

Severa, pole mama. Candida, binti wa fundi, pole. Pole kwako pia, Bi Hamdiya, uliyetoa kwa moyo safi. Mungu amlaze Tarsis pema.

Na ninyi mliosimama kwenye foleni ile, mpo, mnatusikiliza. Kesho mtamwona mwingine anatokwa jasho na kutetemeka mchana kweupe. Mshikeni, mketisheni kivulini. Mwulizeni amekula nini, na saa ngapi. Mwulizeni kabla hamjacheka.