Ile "Hapana" ya Mdogo Wangu

Mnakitaka kiwanda, au mnataka tu kushindana? Nijibuni kimoyomoyo, maana mkijibu kwa sauti mtaanza kugombana hapa hapa juu ya kitanda cha mgonjwa, na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kuamulia ugomvi. Sikilizeni wanangu. Sogezeni viti. Wewe kifungua mimba, acha kutazama saa. Kufa hakuna miadi.

Nyumba hii ni yenu watatu. Kiwanda cha uchapaji nimekigawa mafungu manne. Naona mnatazamana. Fungu la nne ni la mama yenu mdogo, na kile kiti cha msahihishaji ni chake akikitaka, na hakuna ukurasa utakaopanda mashineni kabla hajausoma. Usinune, mwanangu, nimekusikia ukinong'ona: "Yule aliyetuchafulia jina?" Huyo huyo. Nivumilie, nitafika.

Kwanza niwaambie nilichokiona juzijuzi, kabla sijaanguka, nilipokuwa nimekaa kwenye meza ya kukunjia karatasi mkadhani nasinzia. Wewe mkubwa ulisema, "Kazi itoke kesho, basi." Binti yangu wa katikati akacheka, "Kesho ya kalenda ipi, bosi?" Mafundi wote wakaangua kicheko. Kitinda mimba akauliza karatasi zilizopo ni rimu ngapi, ukamwambia, "Maswali yako yatatumaliza." Akanyamaza siku tatu. Na kesho ilipofika karatasi hazikutosha, ukapiga kelele kwamba hakuna aliyekuambia. Walikuambia wawili, baba! Mmoja kwa mzaha, mmoja kwa swali. Wewe ulikuwa unasubiri wakuambie kwa ngumi mezani, kwa sababu ndivyo ambavyo wewe ungesema.

Umelitoa kwangu, hilo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Zamani nilikwenda semina ya siku mbili, mwezeshaji amefunga tai inayomkaba, anatuambia binadamu wote duniani wako wa aina nne. Nilikuwa na shahada yangu, nikamcheka moyoni. Lakini nilirudi na vikadi vyake, nikavibadilisha majina yawe ya kwetu, nikawabandikia wafanyakazi wote vifuani. Nyundo, anayeamua na kugonga. Ngoma, asiyeweza kufanya kazi bila watu na vicheko. Rula, wa kupima kila kitu mara mbili. Na Mto, mpole, asiyependa kumuudhi mtu. Mimi Nyundo, bila kuuliza. Mdogo wangu nikambandika Mto. Akakitazama kile kikadi, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Dada, mto wa kulalia au mto wa maji?" Watu wakacheka. Nikamwambia wa kulalia, wewe unafaa kuegemewa tu. Akatabasamu. Ningejua kusoma watu kama nilivyojua kusoma vitabu, ningeliogopa lile tabasamu.

Msidhani vile vikadi ni upuuzi mtupu. Ni kama miwani: inakusaidia kusoma, haikusomei. Kosa langu lilikuwa kwamba nilishajua mwenzangu ni nani, nikaacha kumsikiliza. Kila mtu ana namna yake ya kusema "hapana", wanangu, na kazi ya kukaa pamoja ni kujifunza hapana ya mwenzako inavyolia. Ya mdogo wangu ilikuwa hivi: "Dada, hebu angalia tena." Basi. Hakuwa na nyingine. Tangu utotoni, hata nilipotaka kupanda ukuta uliokuwa umepasuka, hakupiga kelele, alisema hebu angalia tena.

Tulisoma prufu wawili wawili siku zile, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, mmoja anasoma kwa sauti pamoja na alama zote, mwingine anafuata kwa kidole. Tulizoea hata nyumbani. Alikuwa akisimama mlangoni pa jiko, "Dada, mkato, chai iko tayari, mkato, sukari hakuna, nukta." Nami namjibu, "Nenda dukani, alama ya mshangao." Tulicheka mpaka mama yetu akauliza kama elimu imetupanda kichwani. Miaka ishirini na miwili sijamsikia mtu akinisomea nukta. Mnajua mara ngapi nimeishika simu, nikabonyeza namba zote, nikabakiza moja? Nimewahi kusoma ukurasa mzima peke yangu mle ofisini, kwa sauti zote mbili, nikamwambia fundi aliyenifuma kwamba nafanya mazoezi ya koo.

Nipeni maji kidogo. Hapana, kijiko. Basi.

Mnaijua ile habari ya kitabu cha zahanati, kile cha kuwaelekeza wazazi juu ya dawa. Palikuwa na sentensi, "Usimpe mtoto dawa hii." Mpangaji wa herufi akaruka silabi moja, ile *si*, ikawa "Umpe." Herufi mbili tu, wanangu, na kitabu kizima kikageuka sumu. Mungu ni mwema, muuguzi mmoja aliliona kosa kabla vitabu havijagawiwa, maboksi yote yakarudi. Mliambiwa mama yenu mdogo ndiye aliyesoma na kupitisha. Mliambiwa alizembea. Aliondoka wiki ile ile na mkoba mmoja, hakujitetea, nanyi mmekua mkijua kwamba asiyejitetea ana hatia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani kati yetu alikuwa na masikio?

Siku ile mashine ilikuwa imeshawashwa. Alikuja mara ya kwanza, "Dada, hebu angalia tena ukurasa wa tisa." Nikasema nimeangalia. Akaja mara ya pili. Mara ya tatu alisimama tu mbele ya meza yangu na ile karatasi, nami nikasema mbele ya mafundi, "Kama kuna jambo, lisemwe, kama hakuna, mto urudi kitandani." Walicheka. Mimi pia nilicheka.

Ngoja... ngoja nivute pumzi.

Shikeni haya. Mkubwa, ukitoa amri, hesabu mpaka kumi kabla hujainuka, maana mwenye maswali hufika kwenye tisa. Binti yangu, mzaha wako una ukweli ndani yake, utoe kwenye ganda. Kitinda mimba, nawe usifanye kimya kuwa fimbo. Sema hata kwa barua. Msibandikane majina. Mnizike bila hotuba ndefu, na atakayesema nilikuwa mpole mfukuzeni. Mungu awape masikio kabla ya kuwapa maneno, awazeeshe pamoja, na mikono yenu iwe na wino mpaka siku ya mwisho.

Sasa chukua simu yangu. Namba iko juu kabisa ya daftari hili, imeandikwa "Mdogo". Bonyeza zote, usibakize. Weka sauti itoke nje, nataka nyinyi watatu msikie, ndiyo maana nimewaita. Inalia? ... Ni yeye. Ndiyo sauti yake, haijazeeka.

Mdogo wangu. Ni mimi. Usiseme kitu, nitashindwa. Watoto wote wako hapa, wananisikia. Karatasi ya ukurasa wa tisa... ulikuwa umelizungushia lile neno duara kwa penseli, na pembeni umeandika "simamisheni". Niliiona. Niliiona kabla ya kutia sahihi, nikadhani ni wasiwasi wako tu, nikatia. Na maboksi yaliporudi, kabla wenye kitabu hawajaingia ofisini, mimi ndiye niliyechukua ufutio, nikalifuta duara lako na maandishi yako, nikawaambia ulipitisha wewe.