Mama Saa Tatu Anakabidhi Ufunguo wa Chumba Namba Sita

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkunga mwandamizi wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Wagonjwa, wafanyakazi na hata mbwa wa mlinzi wanamfahamu kwa jina la Mama Saa Tatu. Yeye ameomba wasifu wake uwe mfupi na usiwe na uongo. Uongozi umeomba uwe wa kufurahisha. Mwandishi, ambaye ni karani wa masjala, atajitahidi kuzitii pande zote mbili, na pale zitakapogongana atamtii Mama Saa Tatu, kwa sababu anamwogopa zaidi.

Alianzia wodi ya wazazi. Katika mwaka wake wa kwanza alimtuma baba kijacho mmoja, fundi seremala, akimbie nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Fundi akarudi anahema, mkononi ana kaptura ya shule na shati lenye kola. Alipoulizwa ni mtoto gani huyo wa kuzaliwa na kuvishwa kaptura, alijibu bila wasiwasi wowote kwamba si atakua tu. Mama Saa Tatu anasema hapo ndipo alipong'amua kuwa wanawake wanakuja kujifungua wakisindikizwa na watu wasiojua lolote, na kwamba watu hao hao ndio wanaoitwa vichwa vya familia.

Akaomba chumba cha kuwafundishia. Akapewa Chumba Namba Sita, ghala la vitanda vibovu, kwa matumaini kwamba angekiona na kukata tamaa. Alivitoa vitanda mwenyewe, akapiga deki, akaweka mabenchi. Tangu hapo, kila Alhamisi saa tatu kamili asubuhi, darasa la wazazi watarajiwa linaanza na mlango unafungwa kwa ufunguo. Hakuna cha foleni barabarani wala cha kikao kazini. Aliyechelewa husimama nje, akashika nondo za dirisha na kusikiliza kutokea huko, jua likimwakia utosini. Daftari la mahudhurio lina safu tatu: Ndani, Dirishani na Hakuja. Madaftari hayo yote yapo masjala, na mwandishi ameyasoma yote katika saa za kazi, jambo ambalo mkuu wake wa idara analijua leo kwa mara ya kwanza.

Msaidizi wake mkuu darasani ni Mheshimiwa, mwanasesere wa plastiki aliyejazwa mchanga hadi kufikia kilo tatu. Kila baba kijacho sharti amwogeshe, amfute, amvishe nepi na kumpigapiga mgongoni acheue, darasa zima likimkodolea macho. Mheshimiwa akianguka, inaandikwa. Tunasoma kwamba hakimu mmoja alimwangusha mara tatu na mara zote tatu alidai sakafu ilikuwa na utelezi. Golikipa wa timu ya mji alimwangusha mara moja tu, lakini mashabiki waliokuwamo darasani walitoka wameishiwa nguvu. Jumamosi yake tulifungwa manne.

Walikuja pia akina mama wakwe, wengi wao kwa nia ya kuvuruga. Mmoja alikaa benchi la mbele, akakunja mikono, akatangaza kwamba yeye kazaa saba bila darasa lolote na haoni mkwewe ana uzito gani wa pekee. Mama Saa Tatu hakubishana naye. Alimwomba awasimulie wenzake kuhusu mtoto wa nne, maana alikuwa amemsikia akihesabu watoto wake kwa vidole na kukiruka kidole cha nne. Mama yule alisimulia kwa muda mrefu. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa na macho makavu, na baba vijacho waliokuwa wakichezea simu walikuwa wameziweka mfukoni. Alikuja kila Alhamisi mpaka mkwewe alipojifungua, na baada ya hapo aliendelea kuja tu.

Isidhaniwe kwamba tunamuaga malaika. Mama Saa Tatu hana subira, anaimba kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, na hajawahi kukosea, angalau kwa maelezo yake. Kuna Alhamisi moja saa yake ya mkononi ilikimbia kwa dakika ishirini. Alifika, akakuta mabenchi matupu, akafunga mlango, akaanza kufundisha. Wanafunzi walipofika, kwa wakati kabisa, walimkuta anamwelekeza Mheshimiwa jinsi ya kumsaidia mkewe kupumua. Wote wakabanana dirishani, wajawazito kwa waume zao, na aliyethubutu kugonga mlango alionyeshwa saa. Daftari la siku hiyo linasomeka: Ndani, hakuna. Dirishani, kumi na tisa. Miaka kumi na minne imepita na hajakubali kulirekebisha. Uongozi utamzawadia saa ya ukutani, na tunaamini nia ni njema.

Sasa mwandishi ajitaje, maana naye yumo daftarini. Wakati mke wake ana mimba ya kwanza, mwandishi aliona darasa la bure la Chumba Namba Sita halilingani na hadhi yake. Alichagua darasa la mtindo, lililofanyika hotelini kwenye zulia, kwa mishumaa yenye harufu na muziki wa maji yanayotiririka. Mwalimu wake alikuwa kijana mwenye sauti laini ambaye, kama ilivyobainika baadaye, hakuwahi kushuhudia uzazi hata wa paka. Akina baba tulifundishwa kumnong'oneza mama sikioni kwamba yeye ni ua linalochanua. Tulihitimu. Tulipewa vyeti vyenye utepe.

Siku ya uchungu mwandishi alinong'ona. Alifika kwenye neno la pili, mke wake akamshika ukosi na kumweleza kwa ufasaha ua hilo alipeleke wapi. Mama Saa Tatu alikuwa zamu. Alimuuliza mwandishi amefundishwa nini, na mwandishi, masikini, akatoa cheti. Alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma chote, kisha akaanza kumpepea nacho mama mzazi. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo cheti kile kimewahi kufanya. Mtoto alipofikisha wiki mbili, mwandishi alijipeleka mwenyewe Chumba Namba Sita, akafika saa tatu na dakika mbili, akasimama dirishani.

Dirisha hilo si la kudharauliwa. Daftari la mwaka wa tisa lina jina la mfamasia kijana aliyechelewa Alhamisi nne mfululizo. Mara ya nne somo lilikuwa dalili za hatari: kichwa kuuma kusikopoa, uso kuvimba, macho kuona vimulimuli. Siku tatu baadaye mke wake alilalamikia kichwa. Shangazi zake walisema ni uchovu, alale. Mfamasia akakumbuka alichosikia kupitia nondo, akambeba mkewe mgongoni hadi barabarani, akamfikisha hapa kabla kifafa cha mimba hakijampata. Mbele ya jina lake Mama Saa Tatu aliandika kwa wino mwekundu: Dirishani. Alisikia. Mama na mtoto wazima.

Mfamasia huyo leo ni Mkurugenzi wetu. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe katika kila hafla, tena vizuri, na meza kuu humpigia makofi. Ila akikisimulia, hulisahau dirisha, na aliyekuwa akifundisha ndani pia humsahau.

Ndiyo maana barua yake ya mwezi uliopita ilitushangaza. Inasema kuwa Mama Saa Tatu akishaondoka, darasa la Alhamisi nalo limestaafu. Chumba Namba Sita kitakuwa chumba cha mikutano, na wazazi watarajiwa watajifunza kwa luninga iliyotundikwa kwenye korido. Luninga imeshajaribiwa. Sauti ilizimwa kwa sababu ilisumbua dirisha la dawa, na baada ya dakika kumi mtu alibadilisha, akaweka mpira. Baba vijacho wote walikaa mpaka mwisho, kwa hiyo ripoti imeandika kwamba mahudhurio yalikuwa mazuri sana.

Mama Saa Tatu hakugombana, na hilo lilitutia hofu zaidi kuliko kama angegombana. Aliulizwa anataka zawadi gani, akasema hataki zawadi, anataka mrithi. Mrithi yupo. Ni mkunga wa wodi ya pili, amesoma chini yake miaka minne, anafunga mlango bila huruma, na Mheshimiwa anamfahamu. Kinachohitajika ni barua moja ya mistari miwili ya kumruhusu kutoka wodini kila Alhamisi asubuhi. Barua imechapwa. Mwandishi ndiye aliyeichapa na ndiye aliyeipeleka mezani kwa Mkurugenzi. Ina wiki saba pale, chini ya kikombe.

Mama Saa Tatu, umetufundisha kupumua, sisi tuliodhani tunajua. Umewapokea watoto wetu, wengine wakiwa sasa ni wafanyakazi wa hospitali hii hii, na umetuita wazembe kwa upendo ambao tuliuelewa tukiwa tumeshachelewa. Tutakukosa, tena sana, na wodi ya wazazi itakuwa kimya kwa namna isiyopendeza. Tunakuombea afya, miguu iliyopumzika, wajukuu wasioangushwa, na asubuhi za Alhamisi za kulala mpaka uchoke mwenyewe.

Kwa mujibu wa ratiba, wasifu huu utasomwa kwa sauti kabla ya hotuba ya Mkurugenzi, na kipengele kinachofuata ni kukabidhi ufunguo. Kwa Alhamisi ijayo wameshajiandikisha wajawazito kumi na mmoja pamoja na waume zao, na mmoja wao ni binti yule aliyebebwa mgongoni mwa baba yake akiwa bado tumboni mwa mama. Anatarajia mtoto mwezi wa nane. Mkurugenzi, binti yako alikuja kujiandikisha mwenyewe, akauliza mlango unafungwa saa ngapi, nami nikamjibu kwamba ni saa tatu kamili, kama siku zote. Jina lako nimeliandika chini ya lake kwa penseli. Safu nimeiacha wazi.