Juniper Avuliwa Viatu

Nilikuwa nimempakata mwanangu aliyelala ndani ya basi la kwenda Dulverton, mji mdogo wa Uingereza. Dada mmoja alikuwa akimweleza mzee asiyemfahamu kwamba farasi wake, Juniper, anachechemea mwaka mzima sasa. Kesho anampeleka shamba la milimani la kutibu farasi, wakamng'oe viatu vya chuma na kumtembeza kwenye kokoto mpaka kwato zikomae.

“Peku? Kwenye kokoto?” mzee akafoka. “Binti, huo ni unyama! Nimepigilia farasi viatu miaka thelathini.”

“Kumbe ni nyinyi! Kila wiki sita misumari, na bado hathubutu kukanyagia kisigino cha kwato. Daktari kasema asipopona safari hii, achomwe sindano afe. Ana miaka tisa tu!”

“Na huko asipopona?”

“Nitakuwa nimejaribu! Wewe ungejaribu nini, mzee? Misumari zaidi?”

Abiria wote tukawa na shauku ya ghafla ya kutazama kondoo nje ya dirisha. Basi likasimama, dada akateremka bila kuaga.

Mzee akatoa kichwa dirishani, bado amefura. “Waambie wasimshushe mteremko wiki ya kwanza!” akapaza sauti. “Unanisikia? Wiki ya kwanza, tambarare tu!”