Shahada ya Viraka

FUNDI: Haloo! Nani mwenzangu?

MWANAFUNZI: Shikamoo, kaka.

FUNDI: Kaka wa nani? Namba hii siijui.

MWANAFUNZI: Ni mimi. Yangu umeifungia, nimeazima simu ya mwenzangu wa bwenini. Usikate—

FUNDI: Ahaa, Daktari! Mtu akifungiwa namba, mdogo wangu, ajue hatakiwi. Au hilo hamjafundishwa huko?

MWANAFUNZI: Nimekuamkia, kaka.

FUNDI: Nimesikia.

MWANAFUNZI: Hata marahaba huitiki?

FUNDI: Sema kilichokuleta. Nina kazi.

MWANAFUNZI: Kazi gani? Wifi ameniambia karakana imefungwa—

FUNDI: Imefungwa, ndiyo! Kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto, na karatasi ya bwana afya imebandikwa juu ya jina langu. Watu wanapita wanasoma. Muuza matairi anasoma kwa sauti, ananisomea kama mimi sijui kusoma. Nani kaniletea hayo? Sema.

MWANAFUNZI: Sikwenda kushtaki, kaka. Naapa. Ilikuwa kazi ya darasa—

FUNDI: Darasa! Kazi ya darasa yenye picha ya geti langu!

MWANAFUNZI: Nilificha uso wako. Picha zote nimeziba sura, ndivyo tulivyofundishwa, ukimhoji mtu humtaji wala humwonyeshi—

FUNDI: Umeziba sura, ukaacha geti! Geti limeandikwa MZEE WA CHAJI kwa rangi nyekundu, herufi zinaonekana mpaka ng'ambo ya barabara! Ukaliweka ukutani huko chuoni, kubwa kama kitanda, mbele ya wageni. Bwana afya mwenyewe kakaa kiti cha mbele. Nchi nzima hii, Mzee wa Chaji wako wangapi?

MWANAFUNZI: [kwa sauti ya chini] Mmoja.

FUNDI: Sikusikii, mtandao unakwaruza. Wangapi?

MWANAFUNZI: Mmoja! Nimesema mmoja! Nililitazama lile geti mara mia, sikuliona. Nimelizoea, kaka. Nimekua nalo. Nilikuwa naangalia sura tu.

FUNDI: Umenivua nguo hadharani, halafu unaniambia umezoea.

MWANAFUNZI: Nisamehe kwa geti. Kwa geti, nisamehe. Lakini kwa nililolikuta ndani—

FUNDI: Yaani una mdomo wewe! Huyu ndiye niliyekuwa nikimtangaza kwa kila mteja, "Mdogo wangu anasomea udaktari." Kumbe nasimulia hewa. Mpaka mteja mmoja, mtoto wake yuko darasa lenu, ananicheka usoni: "Udaktari gani? Yule anasoma mazingira." Nikamuuliza, mazingira ndiyo nini, kufagia? Akasema hata yeye hajui vizuri.

MWANAFUNZI: Nilikwambia nimehamia kozi nyingine.

FUNDI: Uliniambia umehamia kozi, hukuniambia umehamia jalala! Nimeuliza watu. Leo mnasoma kemia, kesho sheria, keshokutwa mnafundishwa kuhoji akina mama vibarazani, siku nyingine ramani, siku nyingine wadudu. Hiyo siyo shahada. Hivyo ni viraka. Mtu mwenye akili anashika kitu kimoja. Mimi nimeshika betri. Ukiniletea redio nitakwambia nenda kwa fundi redio.

MWANAFUNZI: Na ndiyo maana mwenye kushika kimoja asingekuta kitu nyumbani kwako.

FUNDI: Usinipandishe—

MWANAFUNZI: Nisikilize kwanza! Ningekuwa kwenye kemia peke yake, ningekuja na chupa yangu, nikachota maji ya mtaro nyuma ya karakana, nikapima, nikaandika "hakuna tatizo kubwa", nikarudi chuo. Kwa sababu ndivyo yalivyotoka! Mtaro wako haukuwa mbaya, kaka. Nilifurahi. Nilimwambia mwenzangu hapa, kaka yangu yuko salama.

FUNDI: Basi si ungeishia hapo? Aliyekutuma uendelee nani?

MWANAFUNZI: Mwalimu wa mahojiano. Mama mmoja hajui hata kushika chupa ya maabara. Akaniuliza: "Nguo za kazi za hao mafundi zinafuliwa na nani, na wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamuuliza wifi.

FUNDI: Ukamchimba mke wangu.

MWANAFUNZI: Nikamuuliza! Akasema anazifua kwenye beseni la bluu, zikitoka anasuuza humo humo sare za shule. Na Jumapili mwanao Chiriku anaogea humo. Nikachukua matope yaliyobaki chini ya beseni. Kaka... lile beseni limejaa risasi, yale madini ya kwenye betri. Hiyo hiyo unayoyeyusha. Inatoka karakana ikiwa kwenye ovaroli yako, inaingia ndani kwako, inakaa.

FUNDI: Umemaliza hotuba?

MWANAFUNZI: Sijamaliza. Mpeleke mtoto akapimwe damu.

FUNDI: Hapimwi.

MWANAFUNZI: Kaka—

FUNDI: Hapimwi! Nimeshamwambia mama yake, na wewe nakwambia. Kwa maneno yako tu nimefungiwa. Nikikubali wamtoe damu, majibu yanakwenda mezani kwa bwana afya wako, na karakana ndiyo basi tena. Nitakuwa nimejifunga kamba mwenyewe.

MWANAFUNZI: Ile siyo kesi yako. Ni damu ya mtoto.

FUNDI: Mtoto hana kitu! Anakula, anacheza—

MWANAFUNZI: Anacheza na nani? Wifi anasema akitoka shule anajilaza tu.

FUNDI: Anachoka. Watoto wanachoka.

MWANAFUNZI: Tumbo je?

FUNDI: Minyoo.

MWANAFUNZI: Mmemnywesha dawa ya minyoo, likapona?

FUNDI: Litapona.

MWANAFUNZI: Kaka, tumemwita Chiriku kwa sababu gani? Mwaka jana ulikuwa ukimpeleka mjini anasoma kila bango njiani, kila bango, kwa sauti, mpaka unamwambia hebu nipumzishe masikio. Lini mara ya mwisho umemwambia hivyo?

FUNDI: Usinitumie mwanangu kunitisha.

MWANAFUNZI: Mwalimu wake alikuita shule. Alikwambia nini?

FUNDI: Nani kakwambia nimeitwa?

MWANAFUNZI: Alikwambia nini?

FUNDI: Kwamba mvivu. Kwamba... herufi alizokuwa anazijua hazijui tena. Mtoto akideka anasahau. Hata wewe ulikuwa unadeka. Mimi ndiye niliyekuwa nakufundisha pale mlangoni, kwa chaki. Ulikuwa unaandika tano kichwa chini.

MWANAFUNZI: Nakumbuka.

FUNDI: Huna unachokumbuka! Ungekuwa unakumbuka usingenifanyia hivi. Betri hizo hizo ndizo zilizokupeleka chuo. Hukuziona sumu siku ile unanunuliwa sanduku la safari.

MWANAFUNZI: Hilo usinitajie. Hilo kila siku nalala nalo. Unafikiri nilifurahi? Nilipoona majibu nilirudia kipimo nikitaka kisome vingine. Nilimwomba Mungu niwe nimekosea. Na wewe unakaa hapo unaniita msaliti!

FUNDI: Sijakuita. Umejiita.

[mlio wa chuma kugongwa]

MWANAFUNZI: Nini hicho?

FUNDI: Nini nini?

MWANAFUNZI: Unagonga nini?

FUNDI: Hayakuhusu.

[mlio tena, mara kadhaa, kuku wanakimbia]

MWANAFUNZI: Hao ni kuku. Kaka, uko wapi?

FUNDI: Niko kwangu. Au kwangu napo mmeweka kufuli?

MWANAFUNZI: Unapasua betri nyumbani?

FUNDI: Wateja hawajui habari za kufuli! Mtu ameleta betri zake, anataka vitu vyake. Nimezihamishia uani jana jioni. Nilikuwa na karakana mbali na nyumba, mmeifunga. Sasa nifanyie wapi, juu ya mti?

MWANAFUNZI: Mungu wangu.

FUNDI: Usimwite Mungu. Jiite wewe. Mliposhangilia huko mkapigiana makofi, mlifikiri nitakwenda kukaa kijiweni nisubiri chakula kidondoke? Hamkufundishwa hilo kwenye viraka vyenu? Hakuna somo linaloitwa "fundi akifungiwa anakwenda wapi"?

MWANAFUNZI: Hakuna.

FUNDI: Basi kamwambie yule mama wa mahojiano aliongeze.

MWANAFUNZI: Ni... ni swali tulilopaswa kuuliza. Nilipaswa kuuliza mimi. Kaka, nakuomba, usiwashe moto hapo.

FUNDI: Umeshawaka.

MWANAFUNZI: Uzime! Ule moshi wa kuyeyushia ndio mbaya kuliko yote, bora hata lile beseni! Wifi yuko wapi?

FUNDI: Ndani. Amenuna. Na yeye mmemroga.

MWANAFUNZI: Mpe simu.

FUNDI: Simpi.

MWANAFUNZI: Zima moto, nitakuja mwenyewe, nitakwenda kwa bwana afya nimwombe akupe muda, kuna utaratibu, mnaweza kuwekewa sehemu ya kufanyia yenye bomba la moshi na maji ya kuogea, tumesoma hata hilo—

FUNDI: Mmesoma! Kila kitu mmesoma! Mimi sijakuomba unisomee maisha yangu! Unajua kinachoniuma? Siyo kufuli. Kufuli nitalivunja. Kinachoniuma wewe uliingia kwangu, ukala, ukalala, ukambeba mtoto, kumbe macho yako yanatembea. Unatuhesabu kama wadudu wenu wale. Umenitazama mimi kaka yako ukaona uchafu.

MWANAFUNZI: Nilikutazama nikaona—

FUNDI: Uliona nini? Sema! Uliona nini?

MWANAFUNZI: Nilikuona unarudi jioni, hujavua hata viatu, Chiriku anakimbia anakurukia shingoni, unamshika hivi na ovaroli yako, unamzungusha, mnacheka wote. Nilikuwa kwenye kibaraza. Siku nyingine zote ningefurahi kuona. Siku ile nilitaka nipige kelele. Hicho ndicho nilichokiona.

[mtandao unakwaruza]

FUNDI: Haloo?

MWANAFUNZI: Nipo.

FUNDI: Nilifikiri umekata.

MWANAFUNZI: Sijakata. Simu inaniambia salio linaisha.

FUNDI: Afadhali.

MWANAFUNZI: Kaka, hospitali ya wilaya wanapima. Asubuhi tu. Ukiogopa bwana afya, mpeleke kwa jina la mama yake, mimi sitasema kwa mtu—

FUNDI: Nimesema mwanangu hatobolewi sindano kwa ajili ya shahada yako! Utafute panya! Si mnasoma na panya? Mtafute panya wa—

[mlango wa bati, sauti ya mtoto kwa mbali: "Baba! Baba!"]

FUNDI: Simama!

MWANAFUNZI: Nani? Ndiye yeye?

FUNDI: Simama hapo hapo! Usije huku! Nimesema usinishike! Rudi mlangoni, rudi, baba ana nguo za kazi!

MWANAFUNZI: Kaka.

FUNDI: Usiseme kitu.

MWANAFUNZI: Sijasema.

FUNDI: Basi usiseme.

[mtoto analia]

MWANAFUNZI: Analia.

FUNDI: Nasikia kwamba analia! Unafikiri masikio yangu nayo yamefungwa? Sijawahi kumwambia asinishike. Tangu azaliwe. Kasimama kama mtu aliyepigwa, ananitazama tu. Begi bado liko mgongoni.

MWANAFUNZI: Mwambie—

FUNDI: Nimwambie nini? Wewe ndiye mwenye maneno. Nimwambie nini?

MWANAFUNZI: Sijui, kaka.

FUNDI: Hujui. Kwa mara ya kwanza leo.

[kishindo cha maji yakimwagwa, sauti ya moto kuzimika]

MWANAFUNZI: Umeuzima?

FUNDI: Namsikiliza mtoto, sisikii vizuri kwa moto. Usijipe sifa.

MWANAFUNZI: Sijipi.

FUNDI: Nitampeleka asubuhi. Nampeleka kwa sababu ni mwanangu. Siyo kwa sababu yako, wala ya bwana afya, wala ya yule mama wenu. Na jina litakuwa langu, sina haja ya kujificha nyuma ya mwanamke. Umenisikia?

MWANAFUNZI: Nimekusikia. Nitakuwa pale geti la hospitali mapema—

FUNDI: Hutakuwa.

MWANAFUNZI: Nitasimama nje tu, nisikie majibu.

FUNDI: Hata nje. Nikikuona pale nageuka naye. Na kwangu pia usikanyage.

MWANAFUNZI: Mpaka lini, kaka? Salio lina—

FUNDI: Mama Chiriku! Mchukue mtoto, mbembeleze! Halafu niwekee ndoo ya maji hapo nje, weka uondoke, usinisogelee, mimi nitaji—

[simu imekatika]