Mama Chapa na Barua Isiyo na Sahihi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mpiga chapa wa mtaa wetu, yule tuliyemwita Mama Chapa. Alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Miaka arobaini alikaa nyuma ya taipureta. Nawaomba msizime redio kabla sijamaliza, maana leo nina jambo langu pia.

Niseme ukweli. Mimi sikumwamini yule mama. Wengi hatukumwamini.

Chumba chake kilitazamana na kanisa letu. Meza, taipureta, benchi moja la wateja, kabati la chuma. Kila barua aliipiga kwa karatasi ya kaboni: nakala moja yako, nakala nyingine kabatini. Kabati lina kufuli, ufunguo anauvaa shingoni. Mtu ana siri za mtaa mzima kifuani! Wewe ungemwamini?

Na mwaka ule wa ugomvi kanisani, miaka tisa iliyopita, kila mtu alikuwa anamchungulia mwenzake. Ugomvi ulianza na kikohozi. Watu waliugua kifua, na nesi mmoja, muumini mwenzetu, akasimama baada ya ibada. Akasema tuache kunywa divai ya Meza ya Bwana kwa kikombe kimoja, kila mtu apewe chake kidogo. Lo! Mzee wa kanisa, fundi seremala, akaruka juu. "Bwana alipitisha kikombe kimoja! Hakuwapanga watu kama wagonjwa wa zahanati!"

Tukagawanyika. Wa Kikombe huku, Wa Vikombe kule. Mimi nilikuwa Wa Kikombe, tena kimbelembele. Miezi kumi na moja hatukushiriki Meza ya Bwana. Narudia, miezi kumi na moja. Mtu akikohoa, Wa Vikombe wanageuka kumtazama. Wakigeuka, Wa Kikombe wananuna. Katikati ya hayo, kikombe chenyewe kikapotea.

Pande zote mbili zikaanza kumwandikia askofu barua za mashtaka, na mpiga chapa alikuwa mmoja tu. Asubuhi anapiga yetu, mchana anapiga yao. Tukasema anapeleka maneno kule. Wenzetu nao wakasema anayaleta huku. Binti yake ananiambia, "Mama aliyajua yote mliyomsema. Alikuwa akicheka tu, anasema, 'Waache, wakichoka watakaa.'"

Alikuwa na tabia moja, na ilinikera mno. Ukimtajia sentensi, vidole vinasimama. Anakutazama juu ya miwani. "Hili umeliona mwenyewe, au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, halipigi ng'o. Seremala aliingia na kurasa nne, akatoka na mistari sita, anafoka mpaka barabarani.

Nikaenda mimi. Nikamwambia aandike kwamba nesi ndiye aliyeiba kikombe, nimemwona akitoka nacho. Vidole vikasimama.

"Umeona kikombe, au umeona mfuko?"

"Kikombe, Mama."

"Kilikuwa mkononi?"

"Kilikuwa ndani ya mfuko."

"Kwa hiyo umeona mfuko."

"Mama Chapa, wewe piga tu!"

Akapiga. Akanisogezea kalamu. "Haya, baba, tia sahihi." Nikajipapasa, nikamwambia miwani nimeisahau nyumbani, nitarudi. Miwani ilikuwa usoni. Sikurudi. Ila pale langoni mwa kanisa niliwaambia watu wawili. Wawili tu, wasikilizaji wapendwa, na walitosha.

Wiki iliyofuata aliziita pande zote mbili zije kutia sahihi, saa ileile. Seremala akamkuta nesi kwenye benchi, na benchi ni hilo moja. Mimi nilisimama mlangoni kuangalia nani atamkonyeza nani. Mama Chapa akazisoma barua zote mbili kwa sauti. Ya kuambiwa yote alikuwa ameyakataa. Kwa seremala palibaki hivi: mke wangu alikinywea kikombe hiki wiki aliyokufa, mkikitupa mtakuwa mmemtupa yeye. Kwa nesi palibaki hivi: baba yangu alikufa kwa kifua, sitaki kumzika mwingine wa humu kanisani.

Seremala akatoa leso. "Mwanangu, mbona hukusema?"

"Mzee, mbona na wewe hukusema?"

Hawakumaliza siku ile. Walibishana wiki tatu, wakanuniana tena mara mbili, lakini kwenye benchi lilelile. Mwisho wakakubaliana: kikombe kimoja kibarikiwe, kisha divai imiminwe kutoka humo kwenye vikombe vidogo, mbele ya wote. Jumamosi moja kikombe kikaonekana mezani, hakuna aliyesema kilikuwa wapi. Kesho yake tukashiriki pamoja. Trei ya vikombe vidogo aliichonga seremala mwenyewe.

Ningeweza kuishia hapo. Miaka tisa nimekuwa nikiishia hapo.

Lakini tangu mwaka ule nesi haingii kanisani na mfuko. Biblia mkononi, miwani mkononi, mwavuli kwapani, utadhani anahama nyumba. Watu walisema alikiiba, akakirudisha kwa woga. Sasa juzi, kwenye mazishi ya Mama Chapa, mchungaji wetu wa mwaka ule, sasa mstaafu, akasimama. "Kikombe nilikificha mimi, chini ya kitanda changu. Niliogopa mtakigombania mpaka kivunjike. Kisha nikaona aibu kusema." Watu wakaguna. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Sasa nani alisema alimwona nesi?" Mimi nikatazama viatu vyangu.

Tulipotoka makaburini, binti wa Mama Chapa akanipa bahasha. Ndani mna nakala ya kaboni, maneno yangu yaleyale. Pa sahihi ni patupu. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Mama Chapa: "Atarudi." Sisi tulimshuku kubeba maneno, na hili langu hakulipeleka popote. Aliyelibeba ni mimi. Naona aibu, jamani.

Binti yetu, na wajukuu wote, poleni sana. Mungu awafariji. Nanyi mlioko majumbani, kuna mtu mnakaa naye ibada moja na hamsalimiani. Kabla ya Jumapili jiulizeni swali la Mama Chapa: mliliona wenyewe, au mliambiwa?

Karatasi ninayo hapa mezani. Neno "kikombe" nimelikata, juu yake nimeandika "mfuko". Natia sahihi sasa hivi, mkinisikia.

Dada nesi, ni mimi niliyesema. Niliona mfuko tu.