Achille Harerimana Hakuomba Taulo

Waliokuwepo nyumbani Kavimvira, Jumapili tarehe 10 Machi 2024, ni mke wa Achille, Gloriose Umutesi, binti zake Annie na Noella, majirani zetu pamoja na Mchungaji Bruno, na mimi Pierre Harerimana, baba yake mdogo, ninayewasomea wasifu huu hapa mazishini. Jean-Berchmans Ndahiro hakuwepo.

Achille Harerimana alizaliwa Kavimvira tarehe 3 Aprili 1979, akasoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari mjini Uvira hadi vita vya 1996 vilipofunga madarasa, akaenda kupakua mizigo bandarini Kalundu, na huko Jean-Berchmans, mwalimu wa ngumi, alimwona akibeba magunia mawili ya saruji kwa pamoja, akamchukua. Mwaka 2001 alikuwa bingwa wa ngumi za ridhaa hapa Uvira, uzito wa juu, na mwaka 2006 akaingia ngumi za kulipwa. Alipofunga ndoa na Gloriose, tarehe 17 Julai 2004, Jean-Berchmans ndiye aliyewasimamia, akawa parrain wao, yaani baba wa pili.

Tarehe 14 Agosti 2010, mjini Bujumbura, akipigania mkanda wa ubingwa, Achille alikuwa anaongoza kwa pointi, miguu imara, macho wazi, wakati Jean-Berchmans alipotupa taulo ulingoni katika raundi ya saba, ishara ya kukubali kushindwa, na mwamuzi akasimamisha pambano na kumpa mpinzani ushindi. Mwezi uliofuata Jean-Berchmans alikuwa mwalimu katika klabu ya yule mshindi.

Mji ulisema Achille ameuza pambano. Wapagazi wa Kalundu walimwambia, "Champion, mufuko iko muzito? Tupa taulo." Naye alijibu, "Miye sikutupaka kitu," akaendelea kubeba. Zaidi ya hapo hakusema, maana mtu hamshtaki parrain wake mbele za watu.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 2022. Alitaka jambo moja, Jean-Berchmans aje aseme mbele ya majirani kwamba taulo lile halikuombwa. Jean-Berchmans aliahidi kwa simu, nami nilisikia: "Jumapili, ibada ikiisha, mwanangu, nitafika."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kavimvira, na wapagazi wa Kalundu, waliomcheka na ambao leo wamebeba jeneza lake. Pumzika kwa amani, mwanangu Achille, wamesikia kwamba hukuomba taulo.

Jumapili ile ya ahadi Achille alioga, akavaa koti lake la ndoa, akaomba viti vipangwe uani. Majirani walikuja, wakakaa, wakamngoja Jean-Berchmans. Saa kumi alasiri Achille Harerimana alikufa.